Dirisha Langu la Mvule Lilivyonifungia

Leo nimeaibika, jamaa zangu, na nawaandikia haraka kabla maneno ya kwaya hayajawafikia huko Tororo.

Mnajua kanisa letu hapa Busia linatafuta fundi wa madirisha. Yale ya mafunjo yaliliwa na mbuzi. Tulibaki wawili: mimi na mbao zangu za mvule, na Okello wa Kiyeyi na mabati yake. Kazi hii niliitaka sana. Tangu Pasaka nimetengeneza viti tu (na kimoja kilirudishwa).

Mzee Wandera, mkuu wa kamati, akatuambia kila mmoja aweke dirisha moja kwenye ukuta wa stoo ya kanisa, wazee walinganishe. Okello akaanza: "Bati nyepesi. Mchwa hapana kula. Bei nayo kidogo." Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Nikaona kazi inaniponyoka.

Basi kiburi kikanipanda. Nikaingia stoo, nikafunga dirisha langu na mlango (nao ni wa mvule, niliutengeneza mwenyewe), nikaita: "Okello, chukua jiwe. Piga mpaka uchoke. Na mlango pia."

Akapiga. Mwanamume yule ana mikono. Hapakutokea hata ufa, nami ndani nikawa nacheka peke yangu.

"Yatosha, fundi. Toka," akasema Mzee Wandera.

Nikasukuma dirisha. Limekaza. Mlango nao vilevile. Mapigo ya Okello yalikuwa yameshindilia mbao ndani ya fremu.

"Nakuja, Mzee."

"Unakuja lini?"

Okello akanihurumia. Akashika kona ya dirisha lake la bati, alilokuwa amelipigilia misumari kwa nje, akalikunja kwa mkono mmoja. "Pitia hapa, ndugu yangu." Kichwa kikatoka, kifua kikatoka, kisha ncha ya bati ikanasa suruali na kuipasua nyuma yote. Ndipo akina mama wa kwaya walipofika kwa mazoezi. Na chupi yangu, jamani, mke wangu aliishona kwa mfuko wa unga. Mama mmoja aliyeanza juzi darasa la watu wazima akasoma kwa sauti, kwa bidii: "U-nga sa-fi."

Nilitamani kurudi ndani.

Mzee Wandera hakucheka. Aliangalia bati lililokunjwa, kisha akagonga mvule kwa kidole. "Hili la bati limefunguka kwa mkono mmoja. Hili lingine limemshinda hata mwenyewe. Kazi ni ya fundi wa mvule."

Msinicheke, tafadhali. Nimekaa hapa nimejifunga leso ya mke wangu, suruali iko kwa mshonaji, na madirisha kumi na mawili ni yangu.