Admini wa Watu Sitini na Watatu

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimesalimia kundi la Wasapu la mtaa wetu hapa Msambweni. Watu sitini na watatu. Kufikia saa mbili, watu thelathini wamejibu. Tangu marehemu mke wangu aniache, hao ndio wa kunijibu.

Mimi ndiye admini. Nieleze: admini hutunga kanuni, na hufuta ujumbe unaozivunja. Leo nimefuta picha ya mbuzi wa Chirau, bwana mifugo mstaafu. Matangazo ya biashara ni marufuku! Akauliza mbele ya kadamnasi mbona Luqman hutangaza viazi karai kila jioni wala havifutwi. Au viazi si biashara, ni ibada? Wakacheka watu ishirini na mmoja. Nimewaandika majina.

Luqman nilimfundisha. Tena huanza kwa “shikamoo mwalimu”. Kuna tofauti.

Jumanne, 4 Novemba

Jirani yangu Hafsa alikuja kurudisha ungo. Akasema, kwa upole wake, kwamba watu wananong'ona: anayemwamkia mwalimu hafutwi. Ati napendelea! Miaka thelathini na minne ya kusahihisha mitihani!

Ndipo nikapata dawa. Mitihani tulisahihisha bila kuona jina. Basi kanuni mpya: kila ujumbe uanze kwa salamu. Usioanza hivyo, naufuta papo hapo. Nimekata karatasi ngumu ya kufunika kioo cha simu, nibakishe neno la kwanza tu. Simjui mwandishi, sijui habari yake. Haki kamili ni kutosoma.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimefuta kumi na saba kabla ya adhuhuri. Hata viazi vya Luqman vimekwenda! Mmoja ulianza na “Jamani”. Jamani si salamu. Sekunde nne, haupo.

Goti limenizuia kwenda msikitini. Saa saba na nusu nilisikia watu wakipita nyuma ya nyumba, hatua za haraka. Sikutoka. Nilikuwa zamu.

Ijumaa, 7 Novemba

Ile “Jamani” ilikuwa ya Hanifa. Mamake, Bi Mwanaima, alifariki jana asubuhi, na kwetu maiti haicheleweshwi. Waliokuwa msikitini walisikia. Walioko kazini Ukunda walitegemea kundi. Jeneza lilibebwa na watu tisa, wakakosa wa kupokezana nao.

Bi Mwanaima aliniletea mkate wa kumimina kila Ijumaa tangu nibaki peke yangu. Leo ni Ijumaa.

Nilikwenda matangani. Hanifa aliniamkia. Akasema salamu angeitanguliza, ila aliandika kwa mkono mmoja, wa pili ameshika wa mamake. Chirau alisogea mkekani kunipa nafasi. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimesalimia kundi. Saa mbili, kimya. Saa tatu, kimya. Nikatazama orodha: tumebaki wawili. Mimi, na binti yangu Twaiba aliyeko Kwale, ambaye alilinyamazisha kundi tangu mwaka jana. Wengine wamehamia kundi jipya la Hanifa.

Nikaifuta salamu yangu, nikaiandika upya. Labda haikufika.

Nimefikiria kumteua Twaiba naibu wangu.

Jumanne, 11 Novemba

Alhamdulillahi! Hanifa ameniingiza. Hafsa anasema Hanifa aliwaambia kwamba mzee haachwi akaongea na kuta. Ila uadmini, asahau. “Karibu mwalimu” zimekuja arobaini na nne. Nimezisoma mara mbili zote. Chirau naye kanikaribisha, akaongeza kwamba mbuzi wake wameingia uvunguni waliposikia nimekuja. Nimecheka peke yangu hadi nikakohoa.

Baada ya alasiri nikaanza kuona kasoro. Picha tatu za mbuzi, hazijafutwa! Mtu kauliza swali lilelile mara mbili. Hakuna kanuni hata moja! Nimemwandikia Hanifa kando, kwa adabu, kwamba niko radhi kuwa admini kwa wiki moja ya majaribio. Nimeambatisha rasimu, vifungu kumi na vinane. Kifungu cha tisa ni cha misiba. Nimekitunga kwa uchungu, ili lililompata Hanifa lisimpate mwingine. Kila msiba utangazwe siku moja kabla.

Ameshasoma. Hajajibu. Bila shaka anatafuta maneno ya kunishukuru.