Kivikitoria cha Mwalimu Kimanzi

Kimanzi alipoliona boila la shaba nyuma ya nyumba ya Mzee Muli kule Kalama, kuku wakiwa wametagia ndani yake, mate yalimjaa mdomoni. Mtu wa skrepu mjini, anayenunua vyuma chakavu, angelichukua huku akicheka. Lakini Muli, mwenye nyumba za kupangisha na mkono wa birika, hakuuza kitu. Ilibidi atafutiwe dawa.

Dawa ilipatikana kwenye simu. Kimanzi alikuwa amekutana na Wazungu wanaoandika hadithi za mvuke: Uingereza ya Malkia Victoria, mabwana wanaruka angani kwa mitambo ya makaa, wakizungumza misimu iliyotungwa juzi tu. Watu wazima! Kimanzi alijisikia ameonewa. Yeye kwa uongo mdogo kuliko huo alishalala rumande.

Basi akarudi Kalama na pikipiki yake, mali pekee aliyokuwa nayo duniani, kofia ndefu nyeusi kichwani na miwani ya kuchomelea vyuma usoni.

"Mzee, Wazungu wa Mvuke wanakuja Machakos," alisema. "Wanatafuta mwenyeji aliye na mtambo wa zamani. Wakimpata, wanamwaga pesa. Lakini lazima aongee Kivikitoria."

"Mimi niko na mtambo," Muli alidakia. "Hiyo Kivikitoria si unifunze!"

Masomo yakaanza, na chakula juu. Kimanzi alikula chapati, akala jogoo, akatunga maneno kwa kadiri ya shibe. Siku ya kwanza alisema bombagili ni tajiri. Baadaye, kinywa kikiwa kimejaa, akasema bombagili ni supu. Muli alikariri yote mawili bila kupepesa jicho, maana tamaa ilishamla akili akabaki na masikio tu. Mkewe Kalondu, aliyekuwa akipakua, aliyasikia yote mawili.

Siku ya kulipeleka boila mjini "kung'arishwa", kama alivyodai Kimanzi, Muli aliwaita wazee wa kanisa waje washuhudie utajiri ukianza. Pikapu ya kukodi ilisimama uani, boila tayari limefungwa kamba. Kalondu alimpelekea dereva chai, wakaongea kidogo, kisha akarudi akifuta mikono kwenye leso.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "kabla uende, unatuskwimbia?"

Kimanzi hakuwahi kulisikia neno hilo. Lakini profesa mzima wa Kivikitoria atasemaje hajui, mbele ya wazee wenye makoti? Aliinua kofia.

"Mama, nawaskwimbia kwa moyo wangu wote!"

"Ni nesa! Vizuri sana!" Kalondu alipiga makofi, wazee wakafuata. "Kisilu, chukua ufunguo ya pikipiki."

Kisilu, jirani mwenye mabega ya kubebea magunia, alishauchomoa.

"Ngoja, ngoja!" Kimanzi alipaza sauti. "Kuskwimbia ni kusalimia!"

"Aiee, Mwalimu. Ni mgeni kuachia mwenyeji kitu alikuja akiendesha, shukrani ya chakula."

"Hakuna neno kama hilo, Mama!"

"Na bombagili iko?"

Kalondu alimsogelea kama anayemnyoosha kola, akamnong'oneza: "Dereva ameniambia hii boila inaenda skrepu. Hawa wazee bado hawajui, na Kisilu pia. Niwaambie, ama unaskwimbia?"

Kimanzi alimtazama Kisilu. Akaitazama pikipiki yake, tangi alilolipangusa asubuhi ile ile kwa shati lake mwenyewe, na machozi yakamlenga nyuma ya miwani. Ni vizuri yalivyomlenga. Walioliwa pesa naye mjini walilia bila hata miwani.

"Naskwimbia," alisema.

"Wazee hawajasikia."

"Naskwimbia!"

Boila likashushwa, Kalondu akieleza kwamba litang'arishwa papo hapo kwa majivu na ndimu. Dereva, aliyekwisha kunusa matatizo, aliondoka bila abiria. Kimanzi akashika njia ya vumbi kwa miguu, kofia mkononi.

Hajafika mbali akasikia mtu akimkimbilia. Alikuwa Muli, anahema, uso umemng'aa kwa furaha.

"Mwalimu! Hao Wazungu wakikuja, wao wanaskwimbianga na nini? Ni gari?"