Kipimo Kisichojua Kuamkiana

Jumatatu, 2 Julai 1962

Mzee Barakat kanijibu posa. Bintiye Zubeida hamwozi karani mdogo. Karani mkuu, sawa. Na karani mkuu wa bohari yetu ya mafuta hapa Changamwe anachaguliwa wiki hii hii! Tunaoshindana ni wawili: mimi Jamaludin, na Mutua. Mutua! Ukimuuliza hujambo, anakwambia jino linamuuma.

Leo tumefungiwa kipimo kipya. Chenyewe kiko juu ya tangi la mafuta ya taa, mwisho wa uwanja. Ofisini tuna kitufe na kengele, katikati waya. Ukibonyeza, kinajibu. Mlio mmoja, salama. Miwili, boya limekwama. Mitatu, tangi linakaribia kufurika. Bwana Haroldi, mzungu wa mitambo, kasisitiza: kila hitilafu kipimo huitaja mara moja tu kwa zamu, kisha huisahau. Basi tubonyeze mpaka kilie mlio mmoja, tuandike yote kiliyoyataja, tukatazame. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa namuwaza Zubeida.

Jumanne, 3 Julai

Nimebonyeza. Miwili! Salamu hakuna, kimeanza na maradhi yake. Mtu aliyelelewa akiulizwa hali husema salama kwanza, hata kama ana homa. Shida huja baadaye, tena kwa kubembelezwa. Nikabonyeza tena, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani. Mlio mmoja! Ewaa! Nikaandika: Salama. Kumbe kinafundishika.

Zamu ya mchana kikamlilia Mutua miwili. Yeye mbio, kaparamia ngazi ya tangi na jua lile, karudi na grisi mpaka masikioni. Nimecheka hadi mbavu zikauma.

Alhamisi, 5 Julai

Bwana Haroldi kalinganisha zamu. Za Mutua hitilafu tele. Zangu salama tupu! Kaniuliza siri yangu. Nimemwambia ni heshima tu, bwana. Kanishika mkono! Atatangaza Jumamosi, tangi likishajazwa. Mutua kalalamika eti kipimo ni kimoja, iweje kwangu kizima na kwake kigonjwa? Husuda hiyo. Nimemshauri ajifunze kuamkia watu.

Wazo! Nimwalike Mzee Barakat Jumamosi aje aone mkwewe anavyosikilizwa na mitambo.

Ijumaa, 6 Julai

Nimemkuta mzee msikitini. Kasema inshallah. Usingizi haunijii kwa furaha.

Jumamosi, 7 Julai

Mzee kaja na kanzu yake ya Idi, nyeupe pepepe, na makubadhi mapya. Mafuta yalikuwa yanasukumwa tangini. Nikamketisha ofisini, nikabonyeza kwa madaha. Mitatu! Mbele ya mkwe! Nikakohoa kwa nguvu, nikabonyeza tena. Mmoja. Nikamwambia asikie mwenyewe, salama salimini. Mzee kauliza mbona mwanzo kimelia mara tatu. Nikamjibu ndivyo kinavyomwamkia mgeni wa heshima.

Kafurahi mno. Kataka akakiitikie marahaba kwa karibu. Tukaenda. Katia marahaba yake chini ya tangi, uso juu, na mafuta yakashuka. Yote juu ya kanzu! Mutua katoka mbio, kafunga bomba. Mzee kaapa wallahi mimi nisikanyage kwake. Nikamkumbusha asisogelee jiko.

Jumapili, 8 Julai

Karani mkuu ni Mutua. Mimi nimepelekwa kupanga madebe matupu. Imeniuma sana, nusura nilie. Nikakaa, nikajichunguza kwa haki kabisa. Kosa nimeliona: Mutua ndiye aliyekiharibu kipimo tabia, kwa kukimbilia kila kinapodeka.

Lakini Zubeida simwachi. Nimemtuma shangazi Mwanasaumu akaulize tena posa. Karudi. Mzee kasema hapana, kabla hata ya kumkaribisha kiti. Nikamrudisha. Kasema hapana kabisa, na bakora kaonyeshwa. Shangazi akanung'unika kwamba mtu akishajibu kajibu. Maskini, hajui mambo ya kisasa. Nikambembeleza, kavaa buibui, kaenda safari ya tatu.

Safari hii mzee hakusema hapana! Hakusema neno, kafunga mlango tu. Alhamdulillahi, hapana zimemwishia. Kesho asubuhi naenda kupima joho la harusi.