Katibu wa Idara ya Sikukuu

Nicanor Peguero alikuwa kwa kinyozi, povu limejaa kidevuni, gari la kampeni lilipopita mtaa wa Villa Consuelo likibweka kwamba mheshimiwa Rosendo Ubiera akiwa meya, hakuna nyumba Santo Domingo itakayokaa mkesha wa Krismasi bila nyama ya nguruwe. Umeme ukakatika papo hapo, na kinyozi na wateja wake wakaangua kicheko. Nicanor hakucheka. Wenzake walisikia ahadi. Yeye alisikia harufu.

Kesho yake alivaa shati jeupe na kofia ya chama, akabana jalada tupu kwapani, akamwendea Baldemiro, mbanika nguruwe wa barabara kuu.

"Sauti chini, kaka. Mimi ni katibu wa mheshimiwa, Idara ya Sikukuu."

"Kumbe kuna idara ya sikukuu?"

"Nchi hii kuna idara gani nyingine inayofanya kazi?"

Baldemiro alifikiri, akaona hakuna.

Chama kilitaka nguruwe mia tatu wa sherehe ya ushindi, Nicanor alimnong'oneza. Zabuni angepewa mmoja tu, baada ya sampuli: nguruwe mzima, aliyeiva, mkesha wa Krismasi, saa sita mchana, nyumbani kwa katibu. "Na iwe siri yetu wawili."

Jioni hiyo Evangelista, mshindani wa Baldemiro, naye aliapa kutunza siri hiyo hiyo. Sampuli zenyewe Nicanor alikuwa ameshaziuza kwa matajiri wa mitaa ya juu, watu wapendao nguruwe na wachukiao moshi.

Wa tatu alikuwa Mama Eduvigis, mjane ambaye nyama yake iliwahi kupatanisha hata mawifi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mheshimiwa ataonja mwenyewe?"

"Ulimi wangu ndio ulimi wake."

"Maskini, pole yake," alisema Mama Eduvigis, akiendelea kupaka nyama ndimu na vitunguu saumu. "Nitaleta."

Siku ikafika. Saa sita nguruwe wawili walikuwa mezani uani, Baldemiro na Evangelista wakitazamana kwa chuki pembeni, na lori la kuwapelekea matajiri nyama likisubiri nyuma ya nyumba. Mara ngoma ikasikika. Mama Eduvigis aliingia akiongoza wanaume wanne waliobeba nguruwe mabegani, na nyuma yao nusu ya mtaa, kila mtu na sahani yake.

"Mama, nini hiki?"

"Wapiga kura. Nilisikia wenzangu wawili nao wanatunza siri yetu. Nikajiuliza, mwanangu, ulimi mmoja utaonjaje nguruwe watatu?"

Nicanor alitazama geti: limejaa. Akatazama sahani: zimenyooshwa. Afisa wa chama kuwanyima watu nyama wiki chache kabla ya uchaguzi! Hata tapeli ana mipaka.

"Mheshimiwa anasema..." Aliweka kofia sawa. "Anasema karibuni!"

Mapanga yakalia juu ya ngozi kavu. Dereva wa lori naye akaomba sahani. Bibi mmoja alimshika katibu mkono, akamweleza kuhusu bomba lisilotoa maji tangu Pasaka ya mwaka juzi. Nicanor, kwa kukosa la kufanya, akaandika. Wakapanga foleni. Katika nusu saa jalada lilijaa malalamiko na meza ikabaki mifupa.

"Rosendo ni mwanangu wa ubatizo," Mama Eduvigis alimnong'oneza. "Hana katibu. Suti ya kampeni yenyewe ameazima."

"Mbona hukuniumbua?"

"Ningepata wapi umati wa kuonja nyama yangu? Nina oda arobaini za Mwaka Mpya, na sina wa kuzungusha nguruwe motoni. Kazi ni yako. Au nimwambie Baldemiro ukweli?"

Baldemiro alikuwa bado na panga mkononi.

Kabla Nicanor hajajibu, gari lilisimama. Mheshimiwa Rosendo, aliyevutwa na vigelegele vya jina lake, alimkumbatia mpaka kofia ikapinda.

"Ndugu yangu, unanijengea jina na hata hatujuani! Kuanzia leo wewe ni katibu wangu kweli. Mshahara tutauzungumza tukishinda. Ofisi inapakwa rangi. Gari lako liko bandarini, bado karatasi moja tu."

Nicanor aliyatazama macho yale maangavu, lile tabasamu lisilotetereka, ule mkono mzito wa kindugu begani. Miaka ishirini mjini, na hakuwahi kukutana na fundi wa kiwango hiki.

Akavua kofia, akamkabidhi kwa heshima zote.

"Mama," alisema, "aproni iko wapi?"