Mkojo wa Mosh na Mlango Uliohama

Qodirjon Gazeti alifika na habari hata hajavua viatu. Alipanda kwenye kile kitanda kipana cha mbao wanachonywea chai kando ya mfereji, hapo mjini Marg'ilon, akatoa simu na kuwasomea wenzake: mgeni mmoja huko ughaibuni ameishtaki hoteli kwa sababu chumba kilinuka mkojo wa paka, na mwenye hoteli amemwambia hakimu kwamba ile ni harufu ya mbao za kale.

Ergash Tanuri, mwoka mikate, alicheka mpaka birika likacheza. Hoshim Siki, anayeuza achari sokoni, akasema hakimu angelala humo usiku mmoja tu kesi ingekwisha. Muzaffar peke yake hakucheka. Na Muzaffar wanamwita Redio, mtu anayenyamaza akiwa na chakula mdomoni, tena si kila mara.

"Redio leo imekata mawimbi," Ergash akasema. "Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Umegombana na shemeji?"

"Bado. Ila ni leo au kesho."

Walimbana mpaka akatapika yote. Paka wa mama yake, Mosh, dume la kijivu lenye kichwa cha kabichi, amekojoa kwenye zulia la sebuleni, na sasa amefanya mazoea. Angekojoa mlangoni, au nyuma ya kabati, angesamehewa. Yeye amechagua mwisho kabisa wa chumba, mbali na mlango, pale pale anapoketishwa mgeni mkubwa. Na Jumapili washenga wanakuja kwa ajili ya binti yake, Munisa.

Hapo hata Hoshim aliacha kutafuna. Wote walikumbuka washenga wa kwanza, waliokuja majira ya maua wakaondoka chai haijapoa. Lakini wale walikuwa wa kuletwa na majirani. Safari hii kijana, Jasur, kapendwa na Munisa mwenyewe. Muzaffar alikuwa hajawahi kumsikia bintiye akiimba huku anafuta vikombe, na wiki hii amemsikia. Kufikiri kwamba wimbo ule utazimwa na paka kulimuuma kweli kweli.

Ushauri ukaanza kumwagika. Muzaffar akawaambia majani ya isiriq, ubani wa kwao, wameshafukiza vyumba vyote, na sasa nyumba inanuka paka aliyekwenda kuzuru kaburi la walii. Hoshim akataka siki ichanganywe na maji nusu kwa nusu, kisha juu yake inyunyizwe soda ya kuokea.

"Nimeshafanya," Muzaffar akasema. "Mshenga akiingia ataomba nyama choma ya kulia hiyo kachumbari."

"Klorini basi," Ergash akasema. "Mwaga klorini, hata paka atasahau jina lake."

Qodirjon akamkata. Klorini ikikutana na mkojo hutoa mvuke mbaya, na paka hujiramba miguu, kwa hiyo itaishia tumboni mwake. Muzaffar akaongeza kwamba mama yake ameshaapa: Mosh akipiga chafya hata moja, yeye atakaa mbele ya washenga amempakata, awasimulie ukoo mzima kuanzia babu aliyeiba punda.

"Kumbe mliiba punda?"

"Ergash, tuko kwenye mkojo sasa hivi. Punda tutamfikia."

Qodirjon alipekua simu yake. "Kuna dawa ya vimeng'enya. Haimdhuru paka, haimdhuru mtoto. Vimeng'enya vinaula mkojo mpaka unakwisha."

"Vinaula?" Hoshim akauliza.

"Vinaula."

"Na mgeni akivikalia?"

"Havili watu, Hoshim."

"Vitajuaje kama ni mtu?"

Qodirjon akarudi kwenye simu yake. Alichojua ni kwamba dawa ile haifanyi kazi ikikauka. Zulia lazima libaki na unyevu siku kadhaa, na Jumapili ilikuwa mlangoni.

"Si muwaketishe upande mwingine tu?" Ergash akasema.

Wakamtazama utadhani kauweka mkate kifudifudi, ambao kwao ni mwiko, na yeye ni mwoka mikate. Mshenga mkuu ni shangazi yake Jasur, Bi Salomat, mwanamke aliyeongoza shule mpaka alipostaafu. Aketishwe karibu na mlango, penye viatu? Bora kumfukuza kabisa. Ergash akakuna kidevu.

"Heshima mnaipima kuanzia wapi?"

"Mlangoni," Muzaffar akajibu.

"Basi hamisha mlango."

Ajabu ni kwamba hakuna aliyecheka. Watu wazima wanne, wenye wajukuu kati yao, walikunywa chai wakilipima jambo lile, na kila walivyolipima liliwapendeza. Jumamosi wakaja na sululu. Ukuta wa nyumba ya Muzaffar ni wa udongo, ulikubali upesi. Mkewe alirudi sokoni akamkuta mwoka mikate amesimama ndani ya tundu anaomba chai, akageuza akaenda kukaa kwa jirani kwanza. Kufika jioni mlango wa zamani ulikuwa umezibwa na kabati, na tundu jipya, upande wa pili, limetundikiwa pazia la hariri ya atlasi. Pale alipozoea kukojoa Mosh sasa palikuwa hatua moja tu kutoka mlangoni. Muzaffar akapalowesha kwa vimeng'enya, asubuhi ya Jumapili akapalowesha tena, akatandika juu yake godoro la kukalia ili pasionekane.

Bi Salomat alifika na wanawake wawili. Alilisifu pazia. Muzaffar akamwonyesha kwa mikono miwili kule mwisho, penye mito.

"Karibu juu, dada yangu."

"Hapa panatosha, kaka."

"Haiwezekani. Juu kule."

"Mimi ni nani wa kukaa juu? Hapa hapa panatosha."

Wanaume wanne walikuwa wamevunja ukuta, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mtu mwenye malezi hukataa mahali pa heshima akakaa mlangoni. Alimsihi, mkewe akamsihi, na kadiri walivyosihi ndivyo adabu ya Bi Salomat ilivyozidi kuwa ngumu. Akaketi. Godoro la mlangoni likazama kidogo.

Munisa akamimina chai. Bi Salomat alianza vizuri, akauliza afya za watu, hali ya bustani. Kisha akanyamaza katikati ya neno. Mkono wake ukateleza chini ya gauni, ukarudi umelowa. Pua yake ikatikisika. Uso ukamwiva, na macho yake, ya mwanamke aliyetisha watoto wa shule miaka na miaka, yakajaa woga. Muzaffar alielewa hata kabla hajataka kuelewa: mama wa watu alidhani ni yeye aliyejikojolea.

Alifungua mdomo aseme. Alimwonea huruma, akaona haya, akaufunga. Munisa ndiye aliyeinuka. Alivua shali yake ndefu, akamzungushia Bi Salomat kiunoni mithili ya mtu anayetoa zawadi, akampa mkono kumwinua, na hakumtazama usoni.

Bi Salomat alisimama hapo akiwa ameushika ule mkono. Hakuuliza mapishi wala ukoo.

"Leteni mkate," akasema.

Akaumega yeye mwenyewe, na kwao mkate ukimegwa posa imekubaliwa. Akaaga kwa haraka, shali ikiwa bado kiunoni.

Kesho yake kijiweni walimngoja Muzaffar hata chai hawajaagiza.

"Vipi?" Ergash akauliza.

"Mkate umemegwa."

Wakampongeza, wakampigapiga begani, Ergash akidai harusi ile ni yake kwa kuwa wazo la mlango ni lake. Qodirjon alitaka ushahidi wa kisayansi.

"Na ile dawa je? Harufu imetoka?"

"Haijatoka," Muzaffar akasema. "Ila imepata mwenyewe."