Bendera za Thripp Zinapepea Mbele

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimesema uongo mdogo. Beryl, dada yake mke wangu, alipiga simu kutoka Swindon kujisifu kuhusu mumewe, ambaye sasa ni mwenyekiti wa chama cha wapanda waridi. Kabla sijajua, mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamwambia kuwa mwaka huu mimi ndiye Amiri. Amiri wa meli zote za Kiingereza katika vita vyetu vya mezani vya Trafalgar, ile vita ya baharini ambayo Waingereza waliwapiga Wafaransa na Wahispania, hapa Gosport, ukumbi wa kanisa, Jumamosi tarehe 21. Nikaongeza na habari ya kofia ya Amiri. Beryl akasema atakuja kuona kwa macho yake. Na kamera!

Mimi si Amiri. Amiri ni Lionel Thripp, mwaka wa sita huu. Mimi kwa miaka kumi na miwili vitani nimepewa kuongoza ile meli moja ya Kihispania iliyo mkiani, inayosalimu amri kabla ya chai.

Lakini nikifikiri vizuri, si uongo. Ni ukweli uliotangulia. Kanuni ya chama iko wazi: kila mtu apake rangi meli zake kumi kwa mkono wake, azisimamishe juu ya vibao vyenye bahari, na Alhamisi kabla ya vita Bi Oakshott, mwenyekiti wetu, azikague. Mwenye meli nzuri kuliko wote ndiye Amiri, anavaa kofia. Nina siku kumi. Meli yenyewe haizidi kidole gumba. Ugumu uko wapi?

Glenys, mke wangu, alisikia simu yote. Amesema njia ya mwongo ni fupi. Nimemwambia na siku zenyewe ni chache, kwa hiyo vinaendana.

Jumanne, 10 Oktoba

Kila Jumanne wote tunakaa ukumbini kupaka rangi pamoja. Nimekaa mkabala na Thripp, kusudi. Mtu huyu ana brashi yenye nywele tatu. Nimezihesabu. Anavaa miwani juu ya miwani. Anapaka rangi hata upande wa ndani wa mashua, ambako hakuna jicho la binadamu litakalofika. Nikaanza kukata tamaa.

Ndipo nikaona! Thripp amebandika bendera zote zikipepea kwenda mbele. Kwenda omo, kule kule meli inakoelekea! Mtu yeyote aliyewahi kupanda baiskeli na skafu shingoni anajua kitambaa kinabaki nyuma. Mtoto wa shule ya chekechea anajua. Thripp, Amiri wa miaka sita, hajui.

Nilitaka kucheka. Nikajijaza biskuti mdomoni. Mpango: nyamaza kimya. Mwache azame mwenyewe mbele ya Bi Oakshott. Zangu nitazibandika kama watu wenye akili, zikitazama nyuma.

Alhamisi, 12 Oktoba

Bahari leo. Wenzangu wote wanatengeneza mawimbi kwa karatasi ya chooni na gundi nyeupe. Ushamba. Mimi nimetumia silikoni, ile niliyozibia bafu mwezi wa sita. Nimeminya, nimevuta kwa kisu, mawimbi yakasimama yenyewe. Yana hasira kweli! Nikayaacha yakauke, nikaenda kunywa chai nikijiona mshindi.

Nikarudi kupaka buluu. Buluu ikakataa. Silikoni haishiki rangi, jambo ambalo mwenye duka angeweza kuniambia kama angekuwa na utu. Ukipaka inajikusanya vidonge vidonge, ukiigusa inabanduka kama utando wa maziwa. Nina bahari kumi nyeupe, zinanuka siki. Glenys aliingia akauliza nani anakula chipsi bila yeye.

Nimeamua ni povu. Bahari iliyochafuka ni nyeupe. Hakuna wa kunipinga.

Jumamosi, 14 Oktoba

Kamba za milingoti. Uzi wa dukani ni mnene, kwenye meli hizi unaonekana kama nyoka. Nikakumbuka kitana cha Glenys. Nywele zake ni nyembamba, za kijivu, ngumu. Zimefaa ajabu! Nimezikaza kwa supaglu, ile gundi kali, mlingoti hadi mlingoti, kisha meli zote nikazifungia kwenye kopo la biskuti ili vumbi lisiingie.

Saa kumi nikafungua kopo. Kumbe moshi wa supaglu ukifungiwa hauna pa kwenda. Umetua juu ya kila kitu. Matanga meupe, mizinga myeupe, mabaharia weupe. Kundi zima linaonekana limepakwa unga wa ngano.

Nimeamua ni chumvi.

Glenys ametafuta kitana chake kutwa nzima. Alipokiona mezani alikichukua akakitia mfukoni. Kisha akaniuliza kwa upole kwa nini nisimpigie tu dada yake nikamwambia ukweli. Nikamwambia Amiri hageuzi meli kwa sababu ya wimbi moja. Akasema, "Kwa sasa naona huna meli wala wimbi, una nywele zangu."

Jumatatu, 16 Oktoba

Wasiwasi umeniingia. Je, Thripp akigundua kosa la bendera zake kabla ya Alhamisi? Zimebaki siku tatu. Mtu mwenye miwani miwili anaweza kuona chochote.

Lazima nimfumbe macho. Nimepata! Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nitamsifia.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimemsifia Thripp. Nilisogeza kiti, nikashusha sauti, nikamwambia katika maisha yangu sijaona bendera zilizobandikwa kama zile. Kwamba asiziguse. Kwamba hata mtu akimwambia nini, asizigeuze kamwe.

Nilitarajia atavimba kichwa. Badala yake akavua miwani, yote miwili, akaifuta. Macho yamelowa! Akasema, "Miaka sita, Cobb. Miaka sita nazibandika hivi na hakuna aliyewahi kuona. Wewe ni wa kwanza."

Akaniazima ile brashi yake ya nywele tatu. Nikaitia mfukoni. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo sana, nikaimaliza kabla ya kufika nyumbani.

Jumatano, 18 Oktoba

Brashi ya Thripp sasa ina nywele mbili. Nimeirekebisha kwa moja ya Glenys.

Glenys alikwenda kununua mkate, akakaa saa nzima na nusu. Alisema alikutana na Thripp kwa muuza mikate, wakanywa chai. Nikauliza walizungumza nini. Akasema mambo ya kawaida, habari za wageni wa Jumamosi na kadhalika. Wanawake wanaweza kupoteza muda!

Alhamisi, 19 Oktoba

Siku ya ukaguzi.

Bi Oakshott alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na tano, na baba yake alikuwa mshona matanga. Anakagua meli kama alivyokuwa akikagua kucha za watoto. Alianza na zangu. Aliinama, akanusa. Akauliza kuhusu siki. Nikamweleza ni hewa ya bahari. Akauliza kuhusu weupe. Nikamweleza chumvi. Akavuta kamba moja kwa koleo, akaitazama kwenye mwanga, akamtazama Glenys aliyekuwa jikoni akipanga vikombe, akairudisha mahali pake.

Kisha akafika kwenye bendera. Nikavuta pumzi. Saa yangu imefika!

"Mervyn," akasema, "meli hii inasukumwa na upepo. Upepo unatoka nyuma, unajaza tanga, unakwenda mbele. Bendera inakwenda na upepo. Sasa hii yako bendera yake inarudi nyuma. Ina injini?"

Ukumbi mzima ukacheka. Watu wazima, wenye pensheni, wameshika mbavu. Mmoja akaniuliza inakula petroli au dizeli.

Kilichoniuma zaidi ni Thripp. Alisimama! Akawaambia waache, kwamba Cobb ndiye mtu pekee katika chama hiki aliyeziona bendera zake, na kwamba kujua ni kitu kimoja na mkono kutii ni kitu kingine. Wakaacha. Sijawahi kutukanwa hivyo.

Thripp ameshinda. Mimi wa mwisho. Beryl anakuja keshokutwa na kamera. Nimejaribu kuumwa tumbo, halikuuma.

Ijumaa, 20 Oktoba

Ajabu! Thripp alipiga simu asubuhi. Anasema miaka sita inatosha, goti lake linamsumbua kusimama kichwani mwa meza, angefurahi kama mimi ningevaa kofia kesho kwa niaba yake. Yeye atawaongoza Wafaransa akiwa amekaa. Bi Oakshott amekubali.

Sifa zangu za Jumanne zimefanya kazi! Nilipanda sifa, nimevuna kofia. Nimemweleza Glenys mpango mzima tangu mwanzo ajifunze jinsi akili inavyofanya kazi. Alikuwa anakunja nguo. Akasema kweli, Mervyn, wewe peke yako.

Jumamosi, 21 Oktoba

Trafalgar!

Beryl alifika saa nne na keki ya jemu ndani ya kopo kubwa la bati. Nilimpokea mlangoni na kofia kichwani. Inateremka kidogo masikioni, lakini ilikuwa ya mwanzilishi wetu, marehemu, na kichwa chake kilikuwa kikubwa. Beryl alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama tangu siku ya harusi yetu, na siku hiyo alikuwa amekosea mtu.

Mwanzilishi alituachia desturi mbili. Ya kwanza: upepo unaonyeshwa kwa mshale wa karatasi ulio pembeni mwa meza, na kila baada ya chai Bi Oakshott anarusha dadu kuona kama utageuka. Ya pili: Amiri hashauriwi. Asipouliza, hakuna ruhusa ya kumwambia kitu.

Hadi saa tano na nusu nilikuwa naongoza vizuri mno. Upepo nyuma yangu, meli zinakwenda, Thripp anarudi nyuma. Nikaweka meli yangu nyeupe mbele kabisa. Chai ikaletwa. Beryl akataka picha kwenye ngazi za nje, kwenye mwanga. Tukapiga ishirini na moja. Katika nyingine nimenyoosha mkono kuonyesha Ufaransa, ingawa Glenys anasema kule ni Southampton.

Niliporudi Thripp alikuwa ametawanya meli zake kaskazini. Nikaona nafasi! Nikaamuru kundi langu zima, meli kumi, ligeuke kaskazini limfuate. Nahodha wangu mmoja akakohoa. Mwingine akatazama dari.

"Amiri," Bi Oakshott akaniuliza polepole, "umeangalia upepo?"

Nikamwambia nimeangalia. Nimeangalia bendera, kama mabaharia walivyofanya tangu enzi za Nuhu, na ziko vile vile zilivyokuwa kabla ya chai.

Bi Oakshott akainua kopo la keki la Beryl. Chini yake palikuwa na mshale. Ulionyesha upepo umegeuka, unatoka kaskazini moja kwa moja.

Meli ya matanga haiwezi kuuendea upepo uso kwa uso. Inasimama tu. Kumi zangu zikasimama, omo juu, kama ng'ombe langoni. Thripp hakutaka kupiga, nilimwona. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia Amiri hashauriwi. Basi akapiga. Alichukua nane.

Bi Oakshott ameandika kwenye daftari la chama: Trafalgar, mshindi Ufaransa. Mara ya kwanza tangu chama kianze. Wote wakapiga makofi, wengine wakasimama, mtu akagonga meza kwa kijiko. Beryl, ambaye hajui omo wala tezi, mbele wala nyuma ya meli, alidhani makofi ni yangu. Alilia! Akasema mume wake hajawahi kupigiwa makofi hivyo na wapanda waridi wake. Glenys alinitazama aone kama nitamwambia dada yake kitu. Nikainua kofia nikainamia watu.

Jumanne, 24 Oktoba

Leo asubuhi Thripp amekuja kwa teksi. Atalazwa kesho, goti linapasuliwa, kisha atakaa kwa binti yake Cardiff hadi Krismasi. Alikuwa ameshika sanduku kifuani. Meli zake kumi.

"Sipendi kuziacha kwenye nyumba yenye unyevu," akasema. "Na sina mwingine wa kumwachia, ndugu yangu. Wewe unajua nilivyozifanya."

Nikasema asiwe na wasiwasi. Glenys alimtengenezea mkate wa nyama wa kula njiani. Alipoondoka Glenys akasema yule ni mtu mwema, na kwamba kama nina hata chembe ya akili nitaliweka sanduku lile juu ya kabati na kuliacha hapo hapo. Nikaliweka.

Mchana nilifanya jaribio la kisayansi. Glenys alikuwa anaendesha gari kwenda sokoni Fareham. Nikafungua dirisha, nikanyoosha leso nje. Ilipepea kwenda nyuma! Safari nzima, kwenda na kurudi, nyuma, nyuma, nyuma! Nilimwonyesha Glenys. Akaniomba nifunge dirisha.

Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Bi Oakshott alikosea, baba yake alikosea, na maskini Thripp amekaa na kosa lile miaka sita bila rafiki wa kumsahihisha. Mimi sina kinyongo. Mtu akikuamini, nawe umtendee wema.

Meli kumi, bendera tatu kila moja, ni thelathini. Nimeshageuza ishirini na sita. Supaglu inashika vizuri mno, haitoki tena hata kwa koleo. Nikimaliza nne zilizobaki nitazifungia kwenye kopo la biskuti, zisipate vumbi.