Kidole Changu Hakina Kisukari

Jumatatu, 9 Juni
Nimempeleka bibi kliniki ya kisukari. Daktari ni mgeni, Kiswahili chake kinaishia kwenye "pole". Mkalimani ni mimi, kwa kuwa nimesoma kwa lugha mbili. Na kuona haya ninaona katika zote mbili.

Daktari akauliza kama bibi anakula vitu vitamu. Bibi hafichi kitu. Akaeleza kwa raha zake: kopo la maziwa mazito matamu chini ya kitanda, vijiko vitatu kila jioni, "na huyu mume wangu ndiye huniletea, naye hulamba." Mume ni mimi, mjukuu! Masikio yakawaka moto. Nikatafsiri: hapana.

Maelezo marefu vile, tafsiri neno moja. Daktari alinitazama. Kisha akatazama kidonda cha mguuni, wiki ya tano hakijafunga. Akatupa mashine ya kupimia sukari nyumbani, na daftari la kujaza kila siku. Bibi akauliza kasemaje kuhusu kopo. Nikasema kasema usizidishe.

Alhamisi, 12 Juni
Sukari ya bibi: kumi na saba. Jana hivyo hivyo. Daktari akiona daftari hili ataanza maswali.

Nimepata ufumbuzi. Nimejitoboa kidole changu mwenyewe. Tano nukta mbili! Nimeandika kwa mwandiko mzuri. Kisha nikaiona damu, nikaanguka na kiti. Bibi akanipa kijiko cha kopo nipate nguvu. Jino la nyuma likapiga kelele.

Jumatatu, 16 Juni
Daktari alilisifu daftari. Halafu akampima bibi mwenyewe. Kumi na tisa. Akasema kama hali vitu vitamu na bado iko hivi, basi aongezewe dawa, aanze na sindano. Na mguu ule, mambo yakiendelea hivi, utakatwa.

"Anasemaje, mume wangu?"

Nikafungua mdomo. Kisha nikalia, nikasema yote, kopo na kidole, mara mbili, kila lugha na machozi yake.

Daktari hakufoka. Alikata alichokuwa ameandika, akaandika upya. Bibi akanishika mkono, akahesabu vitundu. Vinne. "Mume gani wewe? Nataka talaka yangu leo hii!" Kuanzia sasa atatafsiri binamu yangu, yule mwenye sauti kama spika ya mkutano.

Jumapili, 29 Juni
Sukari ya bibi ni tisa. Kidonda kimeanza kufunga pembeni. Nilitoa pumzi niliyoibana wiki mbili.

Bibi alinikabidhi kopo nikalitupe. Nimelitupa polepole, kijiko kwa kijiko.

Shavu limevimba. Kesho mama ananipeleka kwa daktari wa meno, mgeni vile vile. Mama hajui lugha yake. Atataka kujua jino limeharibiwa na nini. Tafsiri nimeshaiandaa: daktari amesema ni la kurithi, upande wa baba.